Kumlisha Hedimasta

Darasani tulimwita Mama Pole, kwa sababu hata sanamu ya mazoezi, ile ya plastiki tunayoigeuza ubavu na kuipiga mswaki, aliiomba radhi kabla ya kuivua shati. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, fundi cherehani aliyeacha mashine yake akaja kusomea uuguzi wakati wanawe wako sekondari. Alitaka kuwatunza wazee, na hao hao wazee ndio waliomtisha. Aliogopa kumuua mtu. Alilisema hivyo hivyo, bila kulipaka rangi, huku akila mkate wake.

"Sanamu haifi," aliniambia. "Ndiyo maana naipenda."

Tulipopelekwa wodini, mkufunzi wetu, mama mmoja asiyejua kunong'ona, alimpa kitanda cha dirishani. Hapo alilala Hedimasta mstaafu, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Mdomo ulikuwa umepinda, ulimi mzito, lakini jicho lile! Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake shuleni, na hata daktari alichomekea shati kabla ya kumkaribia.

Somo la kumlisha mgonjwa wa namna hiyo tulilijua vizuri. Aketishwe wima. Kijiko kiwe kidogo, kiingie upande ulio mzima. Halafu umwambie afungue kinywa uangalie shavu lililolegea, maana chakula hujificha humo na mwenyewe hana habari. Akimaliza, asilazwe upesi. Kwa sanamu, Mama Pole alinishinda alama. Lakini nani kati yetu alikuwa amewahi kumwambia mzee wa rika la babu yake, "Hebu achama"?

Mchana ule chakula kilikuwa viazi vilivyopondwa. Mimi nilikuwa kitanda cha jirani nikimkata mzee mwingine kucha, kwa hiyo niliona yote. Mama Pole alimketisha Hedimasta vizuri. Kijiko kikaingia upande ulio mzima. Sahani ilipokwisha, akainama.

"Babu, samahani, naomba ufungue kinywa kidogo niangalie."

"Mimi... si mtoto," Hedimasta alisema, neno moja moja. "Nilaze."

"Lakini Babu..."

"Nilaze!"

Akamlaza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa, na siku hiyo kulisikia la mkuu ndiko kulikotaka kutuletea msiba. Niliweka mkasi chini nimwite Mama Pole amketishe tena. Sikuwahi.

Hedimasta hakukohoa hata kidogo. Macho yalimtoka pima, mkono wake mzima ukaikamata shuka, midomo ikaanza kubadilika rangi. Mama Pole alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Nilimsikia akisema, "Nimemuua, nimemuua," kwa sauti ndogo sana. Nilichoweza ni kupiga kelele tu, nikimwita mkufunzi aliyekuwa mwisho wa wodi.

Kisha Mama Pole akamvaa. Alimkwida mabega, akamkalisha, akamwinamisha mbele juu ya mkono wake, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Kofi la kwanza lilikuwa la adabu. La pili halikuwa.

"Kohoa, Babu! Kohoa!"

Alimfokea kama mtoto aliyekimbilia barabarani, machozi yakimtiririka, akampiga tena na tena, mpaka donge la kiazi likaruka likatua kwenye shuka. Hedimasta akavuta pumzi kwa mlio ambao sitausahau.

Mkufunzi alifika mbio. Akamsikiliza kifua, akaagiza daktari aitwe, akaniuliza ilivyokuwa, ndipo akamgeukia Mama Pole.

"Adabu si utumwa, mwanangu," alisema, tena kwa upole. "Daktari akimruhusu kula, utamlisha wewe. Mimi nitasimama hapa."

Mama Pole alikwenda kutapika chooni. Nilimfuata. Aliniambia anarudi kwenye cherehani yake.

"Kitambaa ukikosea unafumua. Mtu utamfumuaje?"

Nilimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi.

Kesho yake daktari akaruhusu uji mzito, kidogo kidogo. Mama Pole alikuja. Mpaka leo sijui alipata wapi hiyo nguvu, maana usiku hakulala, na macho yake yalisema. Mkufunzi alisimama upande wa miguuni. Kijiko kilikuwa kikigongana na bakuli, ti ti ti, wodi nzima ikisikia. Hedimasta alikitazama kile kijiko, akaibana midomo. Sote tulijua amekasirika. Kupigwa na mwanafunzi, yeye!

Mama Pole akaweka bakuli chini.

"Babu, kama hunitaki nitamwita mwingine."

Mzee alitikisa kichwa. Neno lilimchukua muda, likakwama kwenye mdomo uliopinda, akalirudia mpaka likatoka.

"Naogopa."

"Hata mimi, Babu. Naogopa mno."

Kisha, kabla hajapewa hata kijiko cha kwanza, Hedimasta akaachama ili aangaliwe.