Taa Iliyoshikwa kwa Uzi wa Bandi

Siku moja ya mawingu, ambayo mpaka leo haijanitoka akilini, nilimkuta fundi cherehani amesimama nje ya chumba chake pale La Rochelle, mtaa wa hapa Johannesburg. Alikuwa ameinua kitambaa na kibiringo cha uzi kuelekea angani, na huku ndani taa yake inawaka juu ya cherehani isiyo na mtu. Mwanangu, mtu mwingine angepita zake. Mimi sikupita, kwa sababu Mungu aliponinyima utulivu alinifidia kwa udadisi.

Habari zangu unazijua. Shule niliiacha Tanga kabla sijaota ndevu, miguu ikanipeleka Beira, ikanipeleka Durban, ikanitua hapa Joburg. Kila nilipofika nilishika kazi iliyokuwepo, na kila kazi niliiuliza maswali. Wakati ule nilikuwa mlinzi wa geti huko Midrand, kwenye jengo la ofisi ndogo ndogo. Chumba kimoja kilikuwa kikiwasha taa mchana kutwa, jua likiwa utosini. Nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza mwenye chumba, mtafiti wa chuo kikuu aliyeitwa Lindiwe: "Dada, mnamulika nini na jua lipo?"

Hakunicheka. Alinieleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba walikuwa wamevumbua taa ndogo yenye mwanga unaokaribia ule wa jua, mwanga unaoonyesha rangi jinsi zilivyo. Chuo kilikuwa kimemlipa ili ajue. Kiwanda kingemlipa akileta kitu cha kuuza. Lakini pale katikati, ambapo taa si wazo tena wala si bidhaa bado, hapakuwa na wa kumlipa. Serikali ilikuwa na mfuko wa kuwashika mkono watu waliofika hapo, naye alikuwa ameshikwa. Sharti mojawapo lilikuwa taa ijaribiwe na watu watakaoitumia kweli, kabla haijapelekwa kiwandani.

Watu hao walikuwa mafundi nguo na wasusi wa La Rochelle na Turffontein, wengi wao Wakongo, na Lindiwe hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Ndivyo mlinzi wa geti alivyogeuka mkalimani siku zake za mapumziko.

Tulipita chumba kwa chumba tukigawa taa, kisha tukapita tena kuuliza. Sifa tulizopata, mwanangu, zingetosha harusi. "Iko muzuri sana!" "Mungu akubariki, dada." Msusi mmoja alitufungulia hadi soda. Nilitafsiri yote, na Lindiwe akafurahi.

Sasa turudi kwenye siku ile ya mawingu. Kesho yake wajumbe wa mfuko walikuwa wanakuja Midrand kuamua kama taa iende kiwandani. Nilitumwa nimwalike Papa Ilunga, fundi aliyetoka Lubumbashi, mtu mzima aliyeheshimiwa mtaa mzima, aje aseme neno. Nami nikamkuta nje.

"Papa, taa si inawaka?"

"Inawaka."

"Mbona uko huku?"

"Napunga upepo."

"Na kibiringo mkononi?"

Akanitazama, akaangua kicheko. "Weye mutoto ya Tanga, macho yako haina adabu! Bon, ingia."

Akaniwekea chini ya taa vipande viwili vya kitambaa na kuniuliza kipi cheusi. Nilitazama mpaka macho yakaniwasha. Vyote vilikuwa vyeusi. Akavitoa mlangoni: kimoja kikawa bluu iliyokolea. Taa ikiwa baridi, alisema, inasema kweli. Ikishapata moto chini ya bati lile la paa, nyeusi na bluu zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana kila saa anatoka nje. Na si yeye tu. Yule msusi wa soda naye alikuwa akichanganya rangi za nywele dirishani.

"Lakini Papa, ulituambia ni nzuri!"

"Yule binti aliingia humu akanipa taa kwa mikono miwili. Miye mugeni katika inchi yake. Nimwambie zawadi yake ni mbaya?"

Hapo ndipo niliposema neno lililonipatia somo langu. Nilisema, "Basi tunyamaze, Papa. Wajumbe wanakuja kesho. Ikiharibika, si hela yake, ni hela ya serikali. Mali ya umma haina mwenyewe."

Papa Ilunga alichukua koti lililokuwa limetundikwa ukutani, bado halijashonwa, limepigwa bandi tu, zile nyuzi nyeupe ndefu za kushikilia kwa muda. Akanivika.

"Iko sawa?"

Lilinibana kwapani kama mbwa aliyeng'ata. Lakini utamwambiaje mtu mzima kazi yake inabana? "Sawa kabisa, Papa."

"Inua mkono."

Nikainua. *Tra!* Nyuzi zikakatika, mkono wa koti ukanining'inia.

"Unaona?" akasema. "Mdomo inasema sawa, kwapa inasema kweli. Kwa nini fundi anapiga bandi? Si ili nguo ipendeze. Ni ili mwenye nguo avae, aseme inabana wapi, fundi afumue bila kuumiza kitambaa. Ukisema 'sawa' kwa adabu, miye nashona kwa cherehani, na adabu yako inakaa ndani ya koti mpaka siku ya kuchanika. Ile hela ya serikali, mwana, ni uzi wa bandi. Inashika taa ili sisi tuijaribu. Na sisi tumefanya nini? Tumemwambia mutoto wa watu 'sawa, sawa'."

Kisha akanyooshea kidole mfuko wangu wa plastiki. "Mkate ule mweupe umenunua wapi?"

"Spaza, kile kiduka cha kona."

"Kodi haimo ndani? Imo. Na ya uzi wangu imo. Basi na sisi tumo ndani ya ile taa. Mugeni anasifu chakula, lakini mwenye nyumba anaonja na kusema chumvi imepungua. Kwa hii taa, sisi haiko wageni."

Akafunga chumba, vitambaa vyake kwapani, tukapanda teksi hadi Midrand.

Lindiwe alipoona nyuso zetu tukiingia, akajua kuna jambo. Papa alianza kwa salamu ndefu, nami nikatafsiri hadi tukafika penyewe. Lindiwe aliwasha taa, akaifunikia boksi mpaka ipate moto, kisha akatazama vitambaa chini yake. "Eish," akasema. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyefichwa msiba nyumbani: "Kwa nini hamkuniambia?"

"Mwambie tulimuheshimu," akasema Papa. "Mwambie tunaomba radhi kwa ile heshima."

Nilipotafsiri, alicheka huku akijifuta macho. Alikuwa ameshaipima taa ile katika chumba chenye ubaridi, wala hakuna mtu aliyemwambia habari za joto la bati la La Rochelle. Jioni ile ile alianza kufikiri jinsi ya kuondoa joto, na kabla hatujaondoka alikuwa ameshachora njia mbili.

Kesho yake aliviweka vitambaa mezani mbele ya wajumbe, akasema mwenyewe: taa yangu haijawa tayari. Nilidhani watafunga mikoba yao waondoke, na miaka yake yote iishie pale. Mama mmoja aliyewaongoza alivitazama vitambaa, akamtazama Papa, akasema hili ndilo walilokuja kulisikia. Hawakumpa sherehe. Walimpa muda.

Ile unayoiona juu ya cherehani ya mama yako, mwanangu, ni mjukuu wa taa ile. Inauzwa madukani, na mafundi hawatoki tena nje na vibiringo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Papa Ilunga hayupo tena. Alizikwa hapa hapa, na koti alilozikwa nalo wanafunzi wake walilishona chini ya mwanga ule.

Sitakudanganya kwamba kila bandi huwa koti. Ziko kazi nyingi zilizoshikwa kwa hela ya umma ambazo hazikufika popote. Lakini sijaona iliyofika kwa kusifiwa tu. Mficha uchi hazai. Basi wewe unayenijibu kwa Kizulu nikikuita kwa Kiswahili, wewe mwenyeji wa mji huu kuliko mimi, shika hili: usiseme mali ya umma haina mwenyewe, kwa maana kodi ya mkate wako imo ndani yake. Na mtu akikuvika kazi yake ingali na bandi, mheshimu kwa kuinua mkono.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kazi inayostahili kujaribiwa, na akuwekee karibu watu watakaokuambia inabana wapi wakati nyuzi zingali nyeupe.