Anataka Kunyoa

Kinyozi huyu alikuwa na mkono mwepesi, wateja wakawa wanasinzia kitini. Kisha akaugua akili, akalazwa, akatoka na dawa za asubuhi na jioni. Sauti zilizokuwa zikimsumbua zilinyamaza, na kwa hilo alishukuru. Lakini kwa dawa hizohizo mkono ulianza kutetemeka, na kinyozi anayetetemeka nani atampa shingo yake? Kiti chake alipewa mwingine.

Alikitamani kile kiti kuliko alivyowahi kumtamani mwanamke. Aliikumbuka harufu ya poda, mlio wa mashine, ubishi wa mpira, na mzee mmoja mwenye upara aliyekuja kila Jumamosi kunyolewa nywele zisizokuwepo. Hamu ilimkaba hasa asubuhi, akiwa kitandani anasikia watu wakienda kazini.

Kliniki alipelekwa na mama yake, mwanamke mwema ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Anakula?" daktari huuliza.

"Anakula."

"Analala?"

"Kama gogo."

Naye amekaa katikati yao, mtu mzima na ndevu zake, anajadiliwa kama mbuzi wa mnadani.

Siku moja wakamkuta daktari mpya, mwanamke. Mama akaanza, "Daktari, mtoto wetu anaendelea..."

"Samahani, mama. Naomba utusubiri nje kidogo."

Mama akatoka shingo upande. Daktari akamgeukia kinyozi. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Swali hilo halikuwahi kumfikia. Akajibu kwa lugha aliyoizoea chumbani humo.

"Anataka kunyoa."

"Nani?"

Akashtuka. Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Mimi. Mimi nataka kunyoa. Huu mkono unanitetemeka, na hakuna aliyeniuliza."

Daktari akaushika mkono, akamwambia ukweli: dawa wangeweza kuipunguza taratibu, ila sauti huenda zikarudi. "Zikianza kurudi, utajuaje?"

"Naacha kulala. Halafu naanza kubishana na redio."

"Basi ukiona hivyo, njoo siku hiyohiyo. Tupunguze?"

"Tupunguze."

Mlangoni mama alimwahi daktari. "Amesemaje?"

"Muulize mwenyewe, mama."

Mama akamtazama mwanawe, akababaika kidogo. "Haya, baba," akasema, "unasemaje?"

Kinyozi alitaka kujibu, lakini machozi yalimtangulia. Mama akafungua mdomo amsemee, akaufunga, akangoja.