Siti Ampeleka Mgeni Uani

Immakulata wa kijiji cha Maruku alipopofuka akiwa mtu mzima, mumewe Ishengoma alimhurumia kupita kiasi. Alimlisha kwa mkono wake na hakumruhusu hata kufika mlangoni. Asubuhi moja Immakulata alipapasa hadi jikoni, akashika kisu na kuanza kumenya ndizi. Ishengoma akataka kumpokonya.

“Baba Koku, niache niumie,” Immakulata alimwambia mumewe. “Macho ndiyo yamekufa. Mimi sijafa.”

Alijikata kidole, akakifunga kwa kitambaa, akaendelea kumenya. Baadaye alijifunza kupika na kupalilia kibanja chake, akiitambua migomba na mibuni kwa kuigusa.

Habari zake zilifika mjini Bukoba, mtaa wa Bakoba, kwa Safina, ambaye dada yake Siti alikuwa amepofushwa na maradhi. Siti alikuwa hatoki kitandani. Safina akamfuata Immakulata, akamleta na kumketisha kando ya dada yake.

Immakulata hakutoa pole. Alisema, “Mwanangu, nimetembea juani. Nipeleke uani ninawe.”

“Mama, mimi sioni.”

“Nami sioni. Lakini nyumba hii ni yako, mimi ni mgeni.”

Safina aliinuka kuwasaidia. Immakulata akamzuia. Siti akateremsha miguu kitandani. Alimshika mgeni mkono, akapapasa ukuta, akajigonga mlangoni, akalia, lakini hakurudi nyuma. Walipofika bombani alifungua maji mwenyewe, akamnawisha mgeni wake.