Roboti Nzito Aliyonichagulia Yaya

Mguu wangu ulipovunjika nilikuwa nachimba madini Musonoi na vijana wenzangu. Ukuta wa shimo uliporomoka, wakanivuta nje kwa kamba. Nilipotoka hospitali nikapelekwa mtaa wa Manika, kwa mama mdogo. Nililazwa sebuleni, plasta hadi pajani, na binti yake mkubwa alikuwa akishona nguo za watu chumba cha pili. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, tangu utotoni, kwa kuwa ni kama yeye aliyenilea.

Sikutaka kuongea na mtu. Nikifumba macho, naona udongo unashuka. Yaya hakuniuliza kitu. Alasiri moja aliacha kushona mapema, akaketi mkekani kando yangu, akanipa simu yake ya zamani.

"Tucheze," alisema.

Ulikuwa mchezo wa vita. Roboti kubwa kama nyumba, tano kwa tano, kila moja ikiendeshwa na mtu aliyeshika simu yake mahali fulani duniani. Kabla ya kuanza ilibidi nichague yangu. Nikaona moja nyekundu, nyembamba, yenye mabawa na panga mbili. Nikaibonyeza bila kufikiri.

"Ile haiko ya mutu anaanza," yaya akasema. "Kamata hii munene. Inaenda polepole, lakini haifi mbio. Iko na ngao."

"Ile ni ya bazee, yaya."

"Basi, ujaribu yako."

Nikajaribu. Niliruka juu, nikashindwa kutofautisha juu na chini, nikalipuliwa kabla sijamwona adui. Nikarudi, nikalipuliwa tena. Hata kesho yake nilikuwa bado nabishana na mabawa yale. Yaya hakunicheka, alicheza upande wake na kuningojea.

Hatimaye nikaikubali ile nzito. Akanionyesha kidole cha kutembea na kidole cha kuinua ngao.

"Usifukuze mutu," alisema. "Ukae karibu na benzako. Bakipigwa, uinue ngao."

Tukawa tunacheza kila jioni, baba mdogo, mume wa mama mdogo, akishatoka msikitini na chai ikiwa mezani. Jioni moja roboti ya yaya ilibanwa kwenye kona ya kiwanda kilichobomoka, maadui wakiwa wawili. Mimi nilikuwa mbali. Nilitembea kwa ule mwendo wa kukatisha tamaa, nikafika, nikasimama mbele yake na kuinua ngao. Risasi zikapiga, kuta zikaanguka juu yetu, nikakaza kidole kwenye ngao.

"Niko hapa, yaya," nilisema.

"Nakuona. Usitoke."

Sikutoka. Wenzetu wakafika, tukashinda. Yaya akaweka simu chini, na mimi, bila kuulizwa, nikaanza kumweleza habari za shimo: giza, mchanga mdomoni, sauti za wenzangu zikiita kutoka juu. Alisikiliza hadi chai ikapoa.

Mguu ulipona, ingawa unauma wakati wa mvua. Shimoni sikurudi, sasa naendesha taksi-moto, pikipiki ya kubeba abiria. Yaya aliolewa mji wa Likasi na mtu wa malori. Mwanzoni tulicheza kila mmoja akiwa kwake, kisha mtoto akazaliwa, kisha mwingine, mchezo ukaisha wenyewe.

Juzi alikuja kumsalimia mama yake. Nikamuuliza kama anakumbuka jioni zile.

"Nakumbuka," alisema, akicheka taratibu. "Lakini sasa hata namna ya kuanza nilisahau."

Nikamwambia mimi sijasahau. Akasogeza mtoto aliyemlalia, nikakaa pembeni yake, tukaongea mambo ya Likasi.