Saluti ya Vertières, Kahawa ya Aziziya

Niliondoka Riyadh kwa ajili ya Mama. Alikuwa mgonjwa wa kitandani nyumbani Kakamega, kutwa akimwulizia dada yangu Neema, mfanyakazi wa ndani Jeddah. Mkataba wa Neema ulikuwa umekwisha, ila kafili wake, mwajiri anayemdhamini kisheria, hakutaka kumruhusu kuondoka. Kwetu, kaka mkubwa huenda mwenyewe, akaketi, akaomba kwa adabu. Nikaona hata huku itafaa.

Alfajiri bosi wangu Msaudi, wa mtaa wa Naseem kule Riyadh, akanipa ruhusa, nikapanda basi. Jangwa haliishi, na mimi si mtu wa kusinzia safarini, basi nikajipa moyo kwa hadithi ya Neema. Kabla ya kuja huku alikuwa mwalimu wa historia, na hakuna pigano alilolipenda kama la Vertières, kule Haiti, ambako waliokuwa watumwa waliushinda utawala wa Wafaransa. Kamanda wao mmoja alipanda kilima kuishambulia ngome ya Wafaransa. Farasi wake akauawa, kofia ikang'olewa na risasi, naye akazidi kusonga. Wafaransa wakasitisha risasi, wakapiga ngoma, wakatuma mjumbe kumpa heshima. Hapo ndipo huwa nasisimka.

Jeddah niliingia jioni, fulana imeganda mgongoni kwa unyevu. Huko mtaa wa Aziziya, kafili wa Neema alinipokea kama shemeji. Akanimiminia kahawa, nikanywa. Akanisogezea tende, nikala. Alisifu adabu yangu, akasema Neema ametoka kwa watu wema. Nikaona mambo yameiva, nikaomba. Akatikisa kichwa kwa upole: mafi, hakuna, mfanyakazi mwingine, tungoje Ramadhani ipite, halas, yamekwisha. Akanijazia kikombe tena.

Nje ya geti nilimngoja Neema, maana hutoka wakati wa kutupa taka tu. Alikuja na mfuko mweusi, amekonda.

“Amekukaribisha poa?” aliuliza.

“Sana. Amenisifu.”

“Hata kule Vertières walipiga saluti, bro. Wewe husahau kilichofuata. Mjumbe alirudi ndani, wakaanza tena kufyatua.”

Nikamwuliza yule kamanda alifanya nini.

“Aliendelea kupanda,” akasema, na madam wake akamwita kutoka ndani.

Riyadh nilirudi nikakuta habari kutoka nyumbani kwamba Mama ametutoka. Maziko tuliyatazama kwenye simu, mimi Naseem, Neema jikoni Aziziya, amezima sauti yake ili wenye nyumba wasimsikie akilia. Nililia kwa niaba yetu wote wawili.

Bosi alipokuja kunipa pole, nilimsimulia yote. Akaniuliza kama kahawa niliinywa. Nikasema ndiyo, vikombe viwili. Akanieleza kwamba kwao mwenye shida huacha kikombe mbele yake bila kukigusa, na mwenye nyumba huona aibu mpaka amsikilize. Mimi nilikuwa nimekunywa haja yangu.

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kukuheshimu kwa dhati na bado asikuachie njia. Mama hatamwona Neema tena, lakini Neema bado yuko ndani ya lile geti. Ijumaa narudi Aziziya. Nitapokea kahawa, nitaiweka chini, nayo ipoe.