Verni ya Mama Furaha

Leo muzazi amerudisha kinyonga shuleni, na mimi madamu nusura nilie. 😂

Wanafunzi wangu wa biolojia wanahesabu vinyonga kwenye miti ya nyuma ya shule. Ili tusihesabu mumoja mara mbili, kila mumoja tunamupaka verni kidogo, ile rangi ya kucha, kwenye ukucha.

Sasa tuko darasani, Mama Furaha anaingia na ndoo. Kifuniko juu, jiwe juu ya kifuniko.

Huyu mama anaogopa kinyonga kuliko volkano, na tunakaa Goma!

Nikasema moyoni: ameshaua kinyonga wetu mumoja.

"Madamu, nimemukuta kwa mulango yangu. Nikashika fagio nimuue. Kisha nikaona ukucha. Hii rangi naijua!"

Furaha, binti yake, akaingiza kichwa chini ya meza.

Kumbe verni yetu yote ilitoka kwa kabati ya mama yake. 🙈

Nikaanza kuomba musamaha. Mama hanisikii, ameinamia ndoo.

"Na mumemupaka vibaya. Mvua itaitoa. Leteni chupa, mumushike vizuri."

Akajivuta nyuma, akanyoosha mukono tu.

Lakini alipaka, na akapuliza mpaka ikakauka.

Ninyi munaokimbia vinyonga, munasemaje?