Picha Iliyowaliza Watu Kaniha

Nina duka la pembejeo Biharamulo mjini. Siku ambayo mdogo wangu anaweza kunishikia duka, natoka na kamera kwenda kupiga picha watu nisiowajua. Sitozi kitu, na matatizo yanaanzia hapo, maana mtu anayepiga picha za bure katika wilaya zetu hizi ama hana akili, ama ana kazi ya siri. Ngara wanadhani nimetumwa na uhamiaji. Runazi niliulizwa kama natafuta wafugaji walioingiza ng'ombe hifadhini, na mzee mmoja akanigeuzia mgongo mpaka nilipoondoka. Niliupiga huo mgongo, na ni picha nzuri kuliko nyuso nyingi nilizonazo. Wanawake, wao huuliza kama mume wangu anajua niliko. Anajua. Yeye ndiye aliyeniambia nikatafute watu wa nje, amechoka kukalishwa dirishani nimpige picha.

Mimi napenda nyuso. Nasogea karibu mpaka uso ujae wote, makunyanzi na vinyweleo na yote. Wenyewe hawataki hata kusikia. Picha kwa watu wetu ni mtu kamili kuanzia nywele hadi viatu, amesimama wima kama anasomewa hukumu, na viatu lazima vionekane kwa sababu vimeazimwa kwa ajili hiyo. Ukimkata mtu miguu umemwibia. Nimebishana nao sokoni hadi koo likakauka, nikasalimu amri. Siku hizi napiga mbili: moja ya kwao, moja yangu.

Ndivyo nilivyokutana na bibi wa Nyakisasa, huko Ngara, muuza maharage, siku ya soko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa uhamiaji?"

"Hapana, bibi. Nauza mbegu na dawa za mifugo huko Biharamulo."

"Na hicho cha shingoni ni cha kuchanjia?"

Nilimpenda pale pale. Alikataa picha, akanifukuza nisimzibie wateja, kisha nilipokuwa naondoka akaniita. "Mwana wanje, mwanangu, njoo. Umesema Biharamulo. Kaniha unapafahamu?"

Kaniha alikuwako mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki. Zamani huyo mdogo alitoka kwenye familia yao ya Kikatoliki, akaolewa na Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka Shinyanga, na bibi, aliyekuwa na mdomo uleule nilioukuta, akasema mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto ameolewa na ng'ombe. Mdogo akaapa kwamba Nyakisasa atakanyaga tena siku ya kumzika dada yake, si kabla. Wote wawili ni wakaidi, na kiapo kikasimama tangu wakiwa wasichana mpaka wakawa na wajukuu.

"Sasa jicho hili limeshafunga," bibi akasema, akionyesha la kushoto, "na hili linafuata. Nataka nimwone likiwa bado linaona. Nipige picha umpelekee. Akiona nilivyochakaa, labda atanihurumia. Na unipige na miguu, umesikia?"

Akaazima kandambili za jirani, zilizokuwa mpya. Nikampiga na miguu. Kisha nikasogea nikampiga uso, jicho moja likiwa na ukungu na lingine likiniangalia kwa dharau, na nikajua hiyo ndiyo itakayokwenda Kaniha. Nani anahurumia kandambili?

Nilimtumia faili fundi wa studio mjini, nikamwandikia: ikuze, iweke kwenye fremu nzuri, ni ya bibi mmoja wa Ngara. Nilipokwenda kuichukua alikuwa ameshaifunga kwa karatasi na gundi kwa ajili ya safari. Akanipa kwa mikono miwili, akasema pole sana. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimetembea, kwa hiyo nilisema asante nikaondoka.

Kaniha nilimkuta mdogo mtu uani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, pamoja na wanawe na wakwe zake. Nikamsalimia, nikasema nimetoka kwa dada yake Nyakisasa, nina mzigo wake. Akaupokea, akaichana gundi kwa meno. Mimi, kwa akili zangu, nilikuwa nimeshainua kamera ninase furaha.

Nilichonasa ni mdomo uliofunguka na kukataa kufumba. Kisha akapiga yowe, na ng'ombe wakainua vichwa.

Nikachungulia fremu. Fundi alikuwa ameuzungushia uso wa bibi maua meupe na mishumaa miwili. Pembeni aliweka msalaba, na chini maandishi ya dhahabu: Pumzika kwa Amani. Sikuweza hata kumlaani vizuri. Huku kwetu uso wa mzee peke yake, ukikuzwa na kutiwa fremu, una kazi moja tu, nayo ni kutangulia mbele ya jeneza. Kijana wa watu alifanya kazi yake, na maua hakunitoza.

"Hajafa!" nikapaza sauti. "Ni mzima kabisa! Nimemwacha anachambua maharage!"

Mwanawe mkubwa akanishika mkono, machozi yakimtoka. "Asante, dada, kwa kutuambia polepole."

Nilitaka kulia mimi sasa. Msiba huku hauletwi mkavukavu. Mjumbe husema mgonjwa amezidiwa kidogo, njooni mumwone, na ukifika unakuta turubai limeshafungwa. Kadiri nilivyoapa kwamba bibi anakula, anatembea na anatukana, ndivyo walivyozidi kuwa na hakika kwamba ni maiti. Nikapiga simu ya jirani yake wa sokoni. Haikupatikana. "Wako makaburini," mwanamke mmoja akawaeleza wenzake.

Majirani wakaanza kuingia. Moto ukawashwa uani, sufuria zikatoka. Mdogo mtu alikuwa amekaa chini, fremu kifuani, akirudia jambo moja: kwamba alikuwa akisubiri dada yake aombe radhi kwanza, angalau neno moja tu. Wanawe wakamwambia kwa Kisukuma cha baba yao, "Mayu, mama, tulia." Akafuta uso kwa kanga, akasimama.

"Nilisema nitakanyaga kule siku ya kumzika. Leteni gari."

Wakakodi gari dogo, wakanitia ndani kama mwonyesha njia, na njia nzima nilishikishwa ile fremu magotini. Nilisema ukweli mara moja tena, wakanipa soda ninywe nitulize moyo. Nikaacha. Nilikuwa nimeanza kuelewa tunakokwenda.

Bibi tulimkuta kwenye mkeka nje ya nyumba yake, na maharage. Wanaume waliokuja kubeba jeneza walisimama tu, mikono haina kazi. Mdogo mtu alimwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akaiangalia fremu, na niliogopa kwamba ataivunjia kichwani kwangu.

"Nani hao?" bibi akauliza, akikaza jicho.

"Mimi," mdogo wake akasema. "Nimekuja kukuzika."

"Umechelewa kuja, basi na kuzika usubiri. Sogea nikuone."

Akasogea hatua. "Bado," bibi akasema. Mdogo mtu akapiga magoti kwenye mkeka. Bibi akamshika masikio, akamvuta mpaka pua zikagusana, akamtazama hivyo, kwa jicho moja, kwa muda ambao hata mimi niliona aibu kuutazama. Kamera ilikuwa shingoni. Sikuigusa.

"Umezeeka vibaya," akasema mwishowe.

"Na wewe ulitakiwa uwe umekufa."

"Nilikosea," bibi akasema. "Lile neno la ng'ombe. Nilikuwa na wivu, wewe uliondoka mimi nikabaki." Mdogo wake akaanza kulia upya, na safari hii bibi alilia naye.

Tulilala pale. Asubuhi bibi akavaa kandambili za jirani bila kuomba, akapanda gari letu. Alisema akingoja kualikwa atafika kipofu. Tulipofika Kaniha matanga yalikuwa yameshamiri, uani pamejaa, na marehemu akashuka garini akauliza ni nani aliyemlilia zaidi. Wawili walikimbia. Waliobaki wakampakulia, naye akala ubwabwa wa msiba wake akasema chumvi haikukolea.

Kisha akaomba picha. Akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaupitia uso wake wote, maua, mishumaa, msalaba, kila kitu. Mdogo wake akamwekea mkono begani.

"Wewe mtoto," bibi akaniambia, "miguu yangu iko wapi?"